Maji Tohara Si Lazima Yawe Maji Salama

Lipo jambo moja linaloihusu kila misikiti yenye visima, na linamhusu kila anayechota maji hapo kwenda kuwanywesha watoto wake, ambalo bado halijapewa uzito unaostahiki. Waislamu wengi, wakiwemo baadhi ya wasimamizi wa misikiti, wanapoulizwa kama maji ya kisima chao yanafaa kunywewa, hutoa jibu la kifikihi. Husema: maji haya ni mengi, yamezidi kullatayni, hayakubadilika rangi, wala ladha, wala harufu, basi ni tohara. Jibu hilo ni sahihi. Lakini swali lililoulizwa ni jingine.

Kila aliyepita chuoni akasoma mlango wa tohara anaifahamu kanuni hiyo. Maji yakiwa chini ya kullatayni, ambayo ni takriban lita mia mbili na kidogo, hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Yakifikia kiwango hicho na kuendelea, hayanajisiki mpaka moja ya sifa zake tatu igeuke. Hii ndiyo kauli ya madhehebu ya Imamu Shafii ambayo watu wa pwani yetu wameifuata kwa karne nyingi, na hatuna nia ya kuigusa. Ni kanuni iliyojaa rehema. Mtu wa jangwani, msafiri, mkulima mwenye kisima kimoja, wote wamewekewa kipimo wanachoweza kukitumia wenyewe kwa macho, pua na ulimi, ili wasiishi katika wasiwasi na wasiache Swala kwa shaka.

Ila tujiulize: kipimo hicho kiliwekwa kijibu nini? Kiliwekwa kijibu kama mtu anaweza kutawadha kwa maji hayo akasimama kuswali. Hakikuwekwa kutueleza kama mtoto wa miezi minane akinywa maji hayo atapona au atalazwa. Mambo hayo mawili hukutana mara nyingi, kwa sababu maji yanayonuka uvundo kwa kawaida huwa najisi na huwa na madhara pia. Lakini hayakutani daima. Kijidudu cha kipindupindu hakina rangi wala harufu. Kisima chenye lita elfu kumi za maji maangavu, matamu, baridi, kinaweza kubeba mauti ndani yake na kila mwanafunzi wa fikihi akakiangalia akasema ni tohara, na akawa amesema kweli.

Wanavyuoni wenyewe wamelitambua jambo hili bayana. Mwaka 1398 Hijria, sawa na mwaka 1978, Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia liliulizwa kuhusu majitaka yanayosafishwa kwa mitambo mpaka yakarejea katika hali yake ya asili. Je, yanaweza kutumika kwa tohara? Baraza halikukimbilia kujibu. Liliwataka maelezo wataalamu wa fani hiyo, kisha likaamua kwamba maji hayo yakisafishwa kikamilifu hata kusibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, ni tohara na yanaondoa hadathi. Ama kuyanywa, likasema inajuzu pia, isipokuwa ikithibiti kuna madhara ya kiafya; hapo yatazuiwa kwa ajili ya kuhifadhi nafsi, si kwa sababu ya unajisi wake. Ndugu msomaji, litazame neno hilo la mwisho kwa makini. Maji yanaweza kuwa tohara na yakazuiwa kunywewa. Anayelinganisha tohara na usalama kana kwamba ni kitu kimoja hawafuati wanavyuoni hao, bali anawasingizia jambo ambalo hawakulisema.

Kwamba utamu wa maji hauthibitishi chochote, ushahidi wake mashuhuri zaidi umetoka mbali na kwetu, katika mtaa wa Soho mjini London, mwaka 1854. Hapo palikuwa na pampu ya kisima katika barabara iliyoitwa Broad Street, na maji yake yalisifika kwa uzuri. Mjane mmoja aliyehamia Hampstead, kitongoji cha mbali, alikuwa akiletewa maji ya pampu hiyo kwa gari kila siku kwa kuwa aliyapenda kuliko ya huko alikohamia. Akafa kwa kipindupindu, wakati kitongojini kwake hapakuwa na ugonjwa. Zaidi ya watu 600 walikufa katika mlipuko huo, wengi wao ndani ya siku kumi. Nyumba ya kuhifadhia maskini iliyokuwa karibu kabisa na pampu, yenye watu zaidi ya mia tano, ilipoteza watu watano tu. Sababu ni kwamba ilikuwa na kisima chake yenyewe.

Daktari John Snow aliyafuatilia hayo akaishawishi halmashauri ya mtaa iondoe mpini wa pampu, na ikauondoa tarehe 8 Septemba. Kinachotuvutia zaidi sisi, hata hivyo, ni habari ya mtu wa pili ambaye hatajwi sana. Naye ni Henry Whitehead, kasisi kijana wa kanisa la mtaa ule ule. Hakukubaliana na Snow. Alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza watu aliowafahamu kwa majina, nani alikunywa maji ya pampu na nani hakunywa, akitaraji kumwonyesha daktari kuwa amekosea. Matokeo yakawa kinyume na alivyotaraji, naye akayapokea. Ni yeye aliyegundua nyumba ambamo mtoto mchanga aliugua kabla ya wengine, na nepi zake zikafuliwa na maji yake kumwagwa katika karo la mbele ya nyumba. Karo lilipofukuliwa ilionekana kuwa matofali yake yameoza, na umbali wake kutoka kisimani haukufika mita moja.

Kiongozi wa dini katika mtaa anajua mambo ambayo daktari wa wilaya hawezi kuyajua kwa haraka. Anajua nani amefiwa, nani amelazwa, nyumba gani imechimba choo kipya na nani huchota maji wapi. Maimamu wetu wana elimu hiyo hiyo, kwa kuwa huitwa kuosha, kukafini na kuzika. Ni nani kati yao aliyewahi kukaa na orodha ya maiti alizoziswalia akajiuliza walikunywa maji gani?

Sasa tuje kwetu. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu wapatao 273,000 katika sensa ya mwaka 1967. Katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Ardhi ni ile ile. Mchanga wa Temeke, wa Buguruni na wa bonde la Msimbazi ni ule ule, na maji ya chini bado yako karibu na uso wa ardhi. Kilichoongezeka ni mashimo ya vyoo. Mabomba ya majitaka yanahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi; waliobaki, yaani walio wengi, hutegemea shimo la choo au karo nyuma ya nyumba, na mara nyingi jirani upande wa pili wa ukuta ana kisima. Kwa hiyo wanaposema wazee kwamba babu zetu walikunywa maji haya haya na hawakudhurika, tunawajibu kwa adabu kwamba maji haya si yale. Babu alichimba kisima katika shamba la minazi. Mjukuu anakunywa kutoka kisima kile kile kikiwa kimezungukwa na vyoo ishirini. Isitoshe, babu hao hao walizika watu wengi kwa ugonjwa huu: Daktari James Christie, aliyeishi Zanzibar wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo katika Afrika Mashariki, kilichochapwa mwaka 1876.

Unguja nayo ina tatizo la namna yake. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango. Mchanga mzuri huyachuja maji yanapopenya taratibu. Mwamba wenye nyufa hauchuji, bali huyapitisha kama mfereji. Kinachomwagwa shimoni hapa kinaweza kufika kisimani kule kikiwa hai. Ndiyo maana kuhesabu mita peke yake hakutoshi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni choo kuwa angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini na kitako cha shimo kuwa angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji, na bado husisitiza kwamba penye mwamba wa nyufa umbali huo unaweza usitoshe. Nani katika Keko au Vingunguti ana mita 30? Wengine hawana mita sita kati ya uzio na uzio.

Zaidi ya hayo kuna tendo linaloitwa kutapisha choo. Wakazi wa mabondeni wanalijua. Shimo linapojaa na fedha za kuita gari la kunyonya majitaka hakuna, au gari halipiti kwa wembamba wa njia, wenye nyumba husubiri mvua kubwa. Mvua ikinyesha usiku, hutoboa ukuta wa shimo au kufungua mfuniko, na kinyesi kikaenda na mafuriko. Wengine huwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa miili yao, wakachimba shimo la pili pembeni na kuhamishia humo. Tunawahurumia vijana hao, kwa kuwa kazi hiyo imeshawadhuru wengi. Lakini tusema waziwazi: kutapisha choo mvua inaponyesha ni kumnywesha jirani kinyesi. Haki ya jirani huhubiriwa katika kila hotuba ya Ijumaa ya namna yake, kisha Jumamosi ikinyesha tunasikia mtu mwenye sijda usoni amefungua chemba yake mtaroni. Sheria iliyokataza mtu kujisaidia katika maji yaliyotuama, njiani na penye kivuli wanachokaa watu, itaridhia vipi kumwaga shimo zima katika mtaa unaolala?

Yako wapi matokeo yake? Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, na mwezi uliofuata kikafika Zanzibar. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2018 wagonjwa zaidi ya 33,000 walikuwa wameandikwa nchini na zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Zanzibar pekee ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 4,000, na mwezi Aprili 2016 shule zikafungwa. Hao ni wale waliofika vituoni. Ugonjwa huu una hila ambayo watu hawaijui: wengi wanaoambukizwa hawaugui, au huhara kidogo tu kama mtu aliyekula vibaya, lakini vijidudu hutoka katika kinyesi chao kwa siku kadhaa, hata kumi. Basi choo cha jirani mwenye afya njema nacho si cha kuaminiwa. Na kipindupindu ni mmoja tu wa watoto wa mama huyu. Homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini inayotokana na uchafu, minyoo, na kule kuhara kwa watoto wachanga ambako hakuandikwi gazetini kwa kuwa ni kwa kila siku, vyote njia yake ni hiyo moja.

Kuna wanaodhani wamesalimika kwa kuwa wana bomba. Nao wasikilize. Maji yanayotoka katika mitambo ya Ruvu yametiwa dawa. Tatizo ni safari yake. Panapokuwa na mgao, kama ilivyokuwa mwezi Oktoba na Novemba 2022 mto Ruvu ulipopungua, bomba hubaki tupu kwa siku kadhaa. Bomba lenye maji yenye nguvu husukuma kuelekea nje penye ufa. Bomba lililoishiwa nguvu huvuta kuelekea ndani. Tazama sasa mipira mingapi ya wateja imepita ndani ya mitaro ya majitaka, imeungwa kwa vipande vya tairi. Mtaro ukijaa na bomba likiwa tupu, kitakachoingia kinajulikana. Maji yakirejea, yale ya mwanzo ndiyo hukusanywa kwa pupa kubwa kuliko yote, kila mtu akijaza ndoo. Yanayopaswa kumwagwa ndiyo yanayonywewa.

Tumeyataja hayo yote ili tufike kwenye kisima cha msikiti, maana hapo ndipo lawama inapotuangukia sisi wenyewe na si serikali. Kuchimba kisima ni katika sadaka zinazopendwa mno na Waislamu, na asili yake inajulikana: Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina akakifanya wakfu kwa watu wote. Katika miji yetu wafadhili wa ndani na wa Ghuba wamechimba visima vingi kwa nia hiyo hiyo. Ukame wa mwaka 1997 ulipoikumba Dar es Salaam, visima virefu vilichimbwa kwa haraka mahali pengi, na toka hapo msikiti usio na kisima huonekana una upungufu. Majirani wa dini zote huja na madumu, wengine wakipewa bure, wengine wakichangia umeme wa pampu. Hili ni jambo jema sana, na wanaolibeza hawajawahi kuamka saa kumi usiku kusubiri maji.

Sasa nenda ukaangalie kisima hicho kilichimbwa wapi. Kiwanja cha msikiti wa mjini ni kidogo. Kwenye kona moja vimejengwa vyoo na mahali pa kutawadhia, karo lake likawekwa hapo hapo, na kona iliyobaki ndiyo ya kisima. Watu mia tano hutumia vyoo hivyo siku ya Ijumaa. Katika Ramadhani hutumia kila usiku. Mfadhili akiletewa picha ya maji yanayoruka hufurahi, kibao cha jina lake hutundikwa, na faili hufungwa. Hakuna aliyepeleka chupa ya maji maabara siku ya kwanza, wala mwaka wa pili, wala baada ya masika. Tumewahi kuuliza katika kamati kadhaa za misikiti ni lini maji yao yalipimwa. Jibu lililotolewa mara nyingi zaidi lilikuwa ni kicheko cha upole na kutuonyesha jinsi yalivyo maangavu.

Wanavyuoni wa zamani waliizungumzia harimu ya kisima, yaani eneo lililo karibu na kisima ambalo haliguswi, na katika mapokezi imetajwa dhiraa arubaini, ambazo hazizidi sana mita 20. Ni kweli kwamba lengo la kwanza lilikuwa ni nafasi ya wanyama kunywa na kuzuia mwingine asichimbe karibu akayakausha maji. Hata hivyo fikra yenyewe, kwamba kisima hakiishii kwenye ukingo wake bali kina ardhi inayokilinda, ilikuwepo vitabuni mwetu muda mrefu kabla ya idara yoyote ya maji. Sisi tumeikariri kisha tukajenga karo ndani ya harimu.

Watakuja wanaosema kuwa hayo yote ni kadari na mwenye ajali yake haponi. Kisa cha ngamia na kamba kinajulikana na kila mtoto wa chuo, hatuna haja ya kukirudia. Tutamkumbusha msemaji huyo jambo jingine tu, kwamba Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni mbele, alirejea na watu wake, na masahaba walio wakubwa hawakumwona ameikimbia imani.

Upande wa serikali nao una deni, na deni hilo halilipwi kwa matangazo ya redio yanayomwambia maskini anawe mikono. London haikuponywa na mpini wa pampu. Iliponywa na mabomba ya majitaka yaliyojengwa baada ya mwaka 1858, uvundo wa mto Thames ulipowafikia wabunge ndani ya ukumbi wao, na mlipuko wa mwisho mkubwa wa kipindupindu, mwaka 1866, ulitokea mashariki mwa jiji ambako mfumo huo ulikuwa haujakamilika. Kwetu mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yalijengwa, na maji yake huishia mto Msimbazi, ambao kingoni mwake hulimwa mchicha. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa ukimwaga majitaka yake baharini. Serikali ya Zanzibar ilijiwekea mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kukitokomeza kipindupindu. Unakaribia mwisho wake, na wananchi wana haki ya kuuliza ni mabomba mangapi yametandazwa. Chanjo ni kitu kizuri, nasi tunawapinga wanaoitilia shaka: mwaka 2009 watu wapatao 24,000 wa Unguja na Pemba walipata dozi mbili za chanjo ya kunywa, na utafiti uliofuata ulionyesha iliwakinga sana, na hata majirani wasiochanjwa walinufaika. Lakini kinga ya chanjo hupungua kwa miaka, na choo kilicho karibu na kisima hakihami.

Wakati tukisubiri mabomba hayo, yako yaliyo ndani ya uwezo wa kamati ya msikiti, na mengine hayana gharama kubwa kuliko zulia moja. Maji ya kisima yapelekwe maabara ya maji kupimwa vijidudu vya kinyesi, angalau mara mbili kwa mwaka, na moja ya hizo iwe mara baada ya masika. Kiwango kinachotakiwa na Shirika la Afya Duniani ni sifuri, yaani kusionekane hata kijidudu kimoja cha aina ya ikolai katika mililita mia moja. Panapokuwa hakuna maabara karibu, ipo chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa, asili yake India mwaka 1982, ambayo hutiwa maji na kuachwa siku moja au mbili. Yakigeuka meusi, hayafai. Si kipimo kamili, ila ni bora mara mia kuliko macho ya mwenyekiti. Kisima kifunikwe, sakafu ya zege izunguke kinywa chake ili maji yaliyomwagika yasirudi ndani, na karo likaguliwe kama limepasuka. Ikibidi kuhamisha karo, hiyo ni kazi inayostahiki kuchangiwa siku ya Ijumaa kabla ya kipaza sauti kipya.

Nyumbani, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kweli kweli. Mkaa ni ghali, tunalijua hilo. Vidonge vya klorini ni rahisi zaidi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kusubiri nusu saa, na maji yakiwa na matope yachujwe kwanza kwa kitambaa. Asiye na hata hicho, ajaze chupa ya plastiki nyeupe isiyo na rangi kwa maji yaliyochujwa, ailaze juu ya bati juani kwa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Maji yaliyosalimishwa hivyo yasichotwe kwa kikombe kilichotoka mikononi mwa kila mtu. Mtungi wenye bomba, au kata yenye mpini mrefu isiyotumika kunywea, ni katika mambo madogo yenye faida kubwa. Wapishi wa futari nao watazame barafu: juisi ya ukwaju iliyochemshwa kwa uangalifu wote huharibiwa na bonge la barafu la maji ya kisima. Na anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari mara moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji salama, huku akipelekwa kituoni, kwani kipindupindu kikali humuua mtu kwa saa chache na wengi wangeokoka kwa maji hayo tu.

Likabaki suala ambalo baadhi ya kamati zinaliogopa: maji yakipimwa na kuonekana mabaya, watu wataambiwaje, na mfadhili ataambiwaje? Waambiwe yalivyo. Kisima hakitafungwa kwa sababu hiyo. Maji yale bado ni tohara, yataendelea kutumika kwa udhu, kuoga, kufua na kuosha sakafu. Itawekwa tangi ya pembeni yenye kutiwa klorini kwa ajili ya kunywa, na kama hilo halijawezekana, litaandikwa bango kwa maandishi makubwa kwamba maji haya ni ya udhu, wanaokunywa wayachemshe. Bango hilo lisiwekwe ndani karibu na mihrabu. Liwekwe nje kwenye mfereji, kwa kimo cha mtoto wa darasa la pili, kwa sababu ndiye anayetumwa na dumu.